Kutia Sahihi Chini ya Kiraka: Mwongozo kwa Mkaguzi wa Draiva za Michoro

Kila kompyuta yenye kioo, kuanzia ile ya karani wa mahakama hadi ile ya mwanafunzi wa sekondari, imo ndani yake chipu, au sehemu ya chipu, iliyopewa kazi ya kuchora, na baina ya chipu hiyo na programu zinazotaka kuchorewa herufi, ramani na maumbo iko programu nyingine isiyoonekana kwa macho, iitwayo draiva ya michoro, ambayo huzipokea haja za programu hizo, huzigeuza ziwe amri ambazo chipu inazifahamu, humpa kila mwenye haki fungu lake la kumbukumbu, na hupanga ni kazi ipi itangulie nyingine. Draiva ikiwa na kasoro ndogo, herufi hupindika au kioo huwa cheusi. Ikiwa na kasoro kubwa, mtu asiye na idhini huweza kuzisoma siri za mwenziwe. Kwa sababu hiyo katika miradi ya programu huria ni kawaida kwamba badiliko haliingizwi mpaka mtu mwingine, asiyeliandika yeye, awe amelisoma, amelipima na ametia sahihi yake chini yake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya huyo mtu mwingine, na hasa akiwa anakaa Arusha mjini, Ngaramtoni, Tengeru, Usa River au popote chini ya Mlima Meru, ambako kazi hii haijazoeleka ingawa vifaa vyake vimetuzunguka.

Draiva huria zina nusu mbili, na mkaguzi hana budi kujua yuko katika nusu ipi kabla hajaandika neno. Nusu ya kwanza imo ndani ya kerneli ya Linux, na kazi yake ni ulinzi na ugawaji: kupanga zamu za kazi, kutoa na kurudisha kumbukumbu, kuiwasha na kuizima chipu, na kuizuia programu moja isiingilie mali ya nyingine. Nusu ya pili ni Mesa, aliyoianza Brian Paul mwaka 1993 na kuitoa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1995, nayo ndiyo izipokeayo amri za OpenGL, na siku hizi za Vulkan, ikazitafsiri kwa lugha ya chipu inayohusika. Kosa la nusu ya pili aghalabu huharibu picha au huangusha programu moja. Kosa la nusu ya kwanza huweza kuangusha kompyuta nzima. Na katika Mesa si sharti uwe umepewa mamlaka ya kuingiza mabadiliko ndipo uruhusiwe kukagua: yeyote aliyesoma akafahamu anaweza kutoa maoni, na maoni yake hupimwa kwa nguvu ya hoja yake.

Yamkini msomaji atauliza jambo hili linatuhusu nini sisi, nami nitamjibu kwa mfano wa Karatu, wilaya ya mkoa wetu huu huu. Shirika liitwalo Powering Potential lilifunga katika shule za sekondari za huko, Banjika ikiwa mojawapo, kompyuta ndogo za Raspberry Pi zinazotumia umeme wa jua. Raspberry Pi zilizotoka kuanzia mwaka 2012 mpaka zile za toleo la 3 zina chipu ya michoro ya Broadcom iitwayo VideoCore IV, ambayo mwanzoni draiva yake ilikuwa siri ya kampuni. Februari 2014 Broadcom ilitoa hadharani maelezo ya ndani ya chipu hiyo, na katika mwaka huo huo Eric Anholt, aliyekuwa akifanya kazi Intel, alihamia Broadcom akaanza kuandika draiva huria iitwayo vc4. Tangu hapo msimbo wa draiva huria ya kompyuta ya namna hiyo uko wazi, na mwalimu wa Karatu mwenye subira ana haki ya kuusoma na kuuliza kwa nini umeandikwa hivyo, sawa na mhandisi wa Broadcom.

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Kompyuta za mkononi za mtumba ambazo watu wengi hapa mjini huzinunua, za Dell, HP na Lenovo, nyingi zina chipu za Intel za vizazi vya Sandy Bridge wa mwaka 2011, Ivy Bridge wa mwaka 2012 na Haswell wa mwaka 2013. Kule zilikotoka zimekwisha tupwa. Waandishi wa draiva wenyewe, isipokuwa wachache, hawazimiliki tena mezani. Lakini Mesa ingali inazihudumia kwa draiva iitwayo crocus, iliyoandikwa na Dave Airlie na kuingizwa mwaka 2021, kabla draiva kongwe ya i965 haijaondolewa katika toleo la 22.0 la mwaka 2022. Basi kitu ambacho mwenyewe unakionea haya, yaani kompyuta chakavu yenye kibandiko cha ofisi ya Ulaya mgongoni, ndicho rasilimali yako kubwa kuliko zote katika kazi hii, kwa kuwa unaweza kutoa ushahidi ambao bingwa mwenye mashine mpya hawezi kuutoa.

Maandalizi hayana mambo mengi, nami nitayapitia upesi. Sharti uisome lugha ya C pasipo kusitasita, maana hiyo ndiyo lugha ya kerneli na ya sehemu kubwa ya Mesa, na uizoee git. Hazina ya Mesa ina historia ndefu, wala huna haja ya kuivuta yote kwa bando lako: iambie git ivute mabadiliko ya karibuni tu, au iache mafaili ya zamani mpaka yatakapohitajika, na baadaye ukiwa na mtandao wa chuo, kama ule wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru au wa Chuo cha Ufundi, ukamilishe iliyobaki. Unapojenga, kiambie chombo cha kujengea, Meson, kijenge draiva moja unayoikagua badala ya zote, na utumie ccache, inayohifadhi vilivyokwisha kujengwa, ili umeme ukikatika katikati ya kazi usianze upya kila kitu. Kisha usiiweke draiva hiyo ya majaribio juu ya ile ya mfumo. Iendeshe kutoka katika saraka ulimoijengea, kwa amri ya meson devenv, ili kioo kikizima ubaki na njia ya kurudi. Na kama chipu inayohusika huna, kitu kinachoitwa drm-shim hujifanya kuwa chipu hiyo mbele ya Mesa, nawe ukaweza angalau kuiona kompaila ikifanya kazi yake, ingawa hakuna picha itakayochorwa.

Sasa tuingie katika kusoma kwenyewe. Badiliko hukujia likiwa fungu la viraka, kila kiraka na maelezo yake, na mazoea ya wengi ni kuyaruka maelezo wakakimbilia msimbo, jambo ambalo nalihesabu kuwa ajizi iliyojivika nguo za bidii. Soma maelezo kwanza, ukiufunika msimbo kwa mkono kama ikibidi. Maelezo mazuri husema ni nini kilichokuwa kikiharibika, kwa sababu gani, na kwa nini dawa hii imechaguliwa na si nyingine. Tena, kasoro ikiwa imeingizwa na badiliko la zamani linalojulikana, hulitaja katika mstari wa Fixes, ili watunzaji wa matoleo ya zamani wajue ni wapi dawa ipelekwe. Ukiisha kusoma, tua kidogo ujiulize wewe mwenyewe ungelitengenezaje jambo hilo, ndipo uufunue msimbo. Pale mwandishi alipopita njia isiyo yako ndipo penye swali, na ama utajifunza kitu ama utaona alichokisahau.

Angalia pia kwamba kila kiraka kimefanya jambo moja. Mtu akilibadilisha jina la fanksheni inayotumika katika mafaili arubaini, na katika kiraka hicho hicho akageuza na namna fanksheni hiyo inavyohesabu, mrudishie avigawe viwili, kwa sababu jicho lililochoka kuona majina mapya halitaiona hesabu mpya. Na kila kiraka sharti kijengeke peke yake bila kuvitegemea vinavyokifuata, maana siku hitilafu itakapogunduliwa, mtu atatumia git bisect, ambayo huligawa fungu la mashaka nusu kwa nusu hata likapatikana badiliko lenye kosa. Katika mabadiliko 1,000 majaribio 10 hutosha, ila kwa masharti kwamba kila hatua inajengeka. Kiraka kimoja kisichojengeka humwacha mtafutaji njia panda.

Hapo penye msimbo ndipo ninapotaka tukae kwa muda, na kisa nitakachokieleza ni cha kweli, kilichotokea katika vc4 hiyo hiyo ya Raspberry Pi. Chipu ya VideoCore IV haina kizuizi cha kumbukumbu cha kwake yenyewe: amri ikiiambia isome au iandike mahali fulani, itasoma na itaandika, hata kama mahali hapo ni pa kerneli au pa programu ya mtu mwingine. Kwa hiyo ulinzi wote umeachiwa draiva, ambayo kila programu inapopeleka orodha ya amri za kuchora hulazimika kuipitia orodha hiyo amri kwa amri, na kadhalika sheda zake, yaani programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya chipu yenyewe, ikakataa lolote litakalovuka mpaka. Katika kerneli kazi hiyo ilianzia ndani ya fanksheni inayoitwa vc4_get_bcl. Waandishi wake walikuwa na busara: waliona kwamba programu yenye hila ingeweza kupeleka orodha safi, ikangoja ikaguliwe, kisha ikaibadilisha kabla haijatumika, basi draiva kwanza huinakili orodha katika kumbukumbu ya kerneli, ambako programu haifiki, ndipo huikagua nakala.

Ili kunakili, draiva hukusanya vitu kadhaa katika fungu moja la kumbukumbu: orodha ya amri, rekodi za sheda, thamani zitakazotumiwa na sheda hizo, na nafasi ya ziada. Ukubwa wa kila kimoja hutajwa na programu inayoomba, yaani na mtu tusiyemwamini. Namba hizo ni za biti 32, na kubwa kuliko zote katika namba za namna hiyo ni 4,294,967,295. Ukiiongeza moja hurudi kuwa sifuri pasipo kelele yoyote. Waandishi walilijua hilo pia, wakaweka masharti: kila jumla ilipokuwa ndogo kuliko kile kilichojumlishwa, draiva ilitambua kuwa namba imefurika ikakataa. Masharti yalikuwa yamepangwa mstari baada ya mstari, na kwa jicho la haraka yalionekana kamili.

Hayakuwa kamili. Kabla ya jumla zile, ukubwa wa orodha ya amri ulikuwa ukipandishwa ufike kwenye kigawe cha 16 kilicho karibu, na kupandisha huko, ambako mtu hukuona kama usafi tu wa kupanga, nako ni kujumlisha. Programu ikitaja ukubwa wa 4,294,967,290, kigawe cha 16 kinachofuata ni 4,294,967,296, na namba hiyo haimo katika biti 32, basi jawabu huwa sifuri. Draiva ingetenga kumbukumbu ndogo kwa hesabu ya sifuri hiyo, halafu ingejaribu kumimina ndani yake data kwa ukubwa ule wa kwanza, na kilichozidi kingeiandikia kumbukumbu ya kerneli yenyewe. Dawa ilikuwa ni kuongeza sharti moja, linalolinganisha namba iliyopandishwa na ile ya asili.

Kasoro ya pili ilikuwa mistari michache chini yake, nayo kwa maoni yangu ndiyo yenye mafunzo zaidi. Masharti yale yalipogundua kufurika, draiva iliandika lalamiko katika daftari la matukio ya mfumo, ikaruka hadi mlango wa kutokea, ikarudisha jawabu. Lakini jawabu lenyewe lilikuwa limewekwa sifuri tangu mwanzo wa fanksheni, na katika kerneli sifuri maana yake ni salama. Mlinzi amemwona mwizi, ameandika jina lake daftarini, kisha amemruhusu aingie. Fanksheni iliyokuwa ikingoja jawabu iliendelea na safari kwa kudhani kwamba yote yamekaguliwa, ikagusa kielekezi ambacho hakikuwa kimewekwa na mtu, na kerneli ikaanguka. Mambo haya mawili yaliorodheshwa mwaka 2017 katika orodha ya kasoro za usalama kuwa CVE-2017-5576 na CVE-2017-5577, na marekebisho yake yalifika katika kerneli 4.9.7.

Zingatia, msomaji, kwamba msimbo huo uliandikwa na watu hodari, nao haukuonekana mchafu hata kidogo. Lililotoroka ni lile ambalo halikuandikwa, na kiraka hukuonyesha kilichoongezwa na kilichoondolewa tu, hakina rangi ya kukionyesha kilichokosekana. Kwa hiyo kila namba inayotoka kwa programu ya nje iulize ukubwa wake wa mwisho ni upi, na uifuate kwa kidole katika kila kujumlisha, kuzidisha na kupandisha. Na kila mahali pa kutokea kwa kosa pafuate mpaka mwisho kabisa, uone ni jawabu gani linalorudishwa, ni kufuli zipi zimefunguliwa, na ni kumbukumbu gani imerudishwa kwa mwenyewe. Njia za makosa ndizo zisizopitwa na majaribio ya kila siku, na ndizo zinazosomwa kwa uvivu. Tena usitulizwe na wingi wa masharti: pale penye masharti manne yaliyopangika vizuri ndipo msomaji anapodhani la tano limo.

Kwa njia hiyo hiyo yaulizie maisha ya kila bafa, yaani kila fungu la kumbukumbu lililotengewa kazi ya chipu. Chipu hufanya kazi kwa wakati wake, si kwa wakati wa programu. Programu yaweza kuifunga na kuiaga bafa ilhali chipu ingali inaisoma. Ni nani, basi, anayeishikilia bafa hiyo katika muda ule, na ni ishara gani itakayosema kazi imekwisha? Jawabu likiwa limo katika msimbo, utalionyesha kwa mstari. Likiwa limo katika matumaini ya mwandishi, uliza.

Kiraka kikiongeza mlango mpya baina ya kerneli na programu, simama zaidi. Mlango ukiisha kutolewa kwa watu hauzibwi tena, kwa kuwa kanuni ya Linux ni kwamba programu iliyokuwa ikifanya kazi jana isiharibiwe na kerneli ya leo. Ndiyo maana sehemu ya michoro hudai kwamba kila mlango mpya uje pamoja na programu huria iliyokaguliwa inayoutumia, na kwamba nafasi zilizoachwa tupu kwa matumizi ya baadaye zikaguliwe kuwa ni sifuri na kukataliwa zisipokuwa sifuri. La sivyo wapo watakaozijaza takataka, na siku nafasi hizo zitakapopewa maana takataka zile zitageuka amri.

Upande wa Mesa una hatari yake ya namna nyingine. Humo iko lugha ya kati iitwayo NIR, ambayo sheda nyingi hupitia kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya chipu, na draiva za Intel, za AMD, za Mali iliyomo katika simu, na za Raspberry Pi zote hunywea hapo. Wakulima wa miteremko ya Meru wanaogawana mfereji mmoja wanalifahamu jambo hili kuliko wahandisi: anayepachimbua pale mfereji unapoanzia hupata maji mengi shambani kwake siku hiyo, na habari za wa chini huzisikia baadaye, kwa ugomvi. Mtu akikuletea kiraka cha NIR akasema kimeharakisha sheda katika chipu yake, muulize za wengine zimekuwaje. Hesabu za shader-db huonyesha kila sheda imepata amri ngapi kabla na baada. Usizisome kwa wastani tu, zisome mpaka pale zilipoorodheshwa sheda zilizoharibika. Na ukiona kanuni ya hesabu inarahisishwa, kumbuka kwamba namba za desimali za kompyuta hazitii aljebra ya shuleni: kitu mara sifuri si sifuri kila mara, kwa maana kitu hicho chaweza kuwa kisicho na kikomo, au kisiwe namba kabisa. NIR ina alama maalumu kwa kanuni zisizo sahihi kikamilifu, na kazi yako ni kuona imewekwa panapostahili.

Kujaribu hakuchukui nafasi ya kusoma, wala kusoma hakuchukui nafasi ya kujaribu. Yako makusanyo ya majaribio, piglit na yale ya Khronos, shirika lenye viwango vya OpenGL na Vulkan, yaitwayo dEQP, na lililo la lazima ni kuyaendesha mara mbili, bila kiraka na pamoja nacho, katika mashine hiyo hiyo, kisha ukalinganisha orodha mbili za matokeo. Jaribio lililoanguka katika zote mbili si kosa la mwandishi huyu, na lililoanguka mara moja likafaulu mara ya pili lirudie kabla ya kumshitaki mtu. Usafishe feni ya mashine ya mtumba kabla ya kazi hii, kwani yenye vumbi la miaka kumi hupata joto, hujipunguza kasi, na majaribio yenye kikomo cha muda huanguka bure. Halafu tumia na macho. Fungua programu ya ramani ya QGIS, weka data ya miinuko ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, na uuzungushe Mlima Meru katika mandhari ya pande tatu: ukingo wa kreta uliobomoka upande wa mashariki una pembe kali na vivuli vya kutosha kukuonyesha pembetatu iliyopotea, ambayo jaribio la mashine halikuambiwa kuitafuta. Kama chipu itakwama, kerneli itaandika habari zake, nawe uzinakili kabla hujaiwasha kompyuta upya.

Yabaki maandishi ya mkaguzi, na hapa malezi yetu hutusaidia na hutukwaza. Kijana aliyelelewa kumwamkia mkubwa kabla ya kumwomba chochote huona taabu kumwambia mtu aliyeandika draiva kwa miaka ishirini kwamba mstari wake una kosa. Ama hunyamaza, ama huuzungusha usemi hata ukapotea. Katika kazi hii adabu ni ufupi na uwazi. Salamu ya mstari mmoja yatosha. Kisha taja faili na mahali, uliza swali kwa insafu, ukieleza ni thamani gani ukiiweka ni kitu gani kitatokea. Swali lenye namba ndani yake halimuudhi mwenye akili. Tenga bayana yale ambayo sharti yarekebishwe na yale ambayo ni mapenzi yako tu, wala usijaze maoni kumi juu ya nafasi na mabano. Kushughulika na mapambo ndilo kimbilio la mkaguzi ambaye hakuufahamu moyo wa kiraka, na mwandishi huligundua hilo upesi.

Ukiridhika, usiseme tu kwamba waona ni sawa. Andika Reviewed-by pamoja na jina lako na anwani yako, kwa maana hiyo ni shahada kwamba umesoma, umefahamu, na uko tayari kuulizwa. Acked-by ni ya aliyekubali nia ya badiliko bila kulichunguza kwa kina, na Tested-by ni ya aliyelijaribu, ambaye hana budi kutaja ni mashine ipi, chipu ipi na toleo lipi la kerneli. Kama yamebaki marekebisho madogo, desturi inaruhusu kusema kwamba sahihi yako ipo hayo yakiisha kutengenezwa, ili mwandishi asikungoje bure. Na kama umefahamu viraka vitatu katika saba, tia sahihi hivyo vitatu na useme wazi kwamba vinne hukuvisoma, hakuna atakayekudharau. Atakayedharauliwa ni yule aliyetia sahihi vyote saba, kisha kosa likaonekana katika kile cha nne.

Mwandishi atakapoleta fungu lililorekebishwa, usilisome upya tangu mwanzo kwa jicho lililokinai. Git range-diff itakuonyesha kilichobadilika baina ya fungu la kwanza na la pili, nawe utaona kama maswali yako yamejibiwa au yamekwepwa, na kama kimeingizwa kitu kipya chini ya sahihi za zamani. Saa nazo zina faida zake. Maoni yaliyoandikwa Arusha saa tano asubuhi huwakuta wa Ulaya ndio kwanza wameketi kazini, ilhali wa pwani ya magharibi ya Marekani wamelala usiku wa manane. Ukiwaandikia hawa wa pili, weka kila hoja katika ujumbe mmoja, maana swali dogo lililosahaulika hugharimu siku nzima.

Mesa hutoa toleo jipya takriban kila baada ya miezi mitatu, na kila moja hutanguliwa na matoleo ya majaribio. Kama una kompyuta ya Ivy Bridge au Haswell nyumbani, au Raspberry Pi iliyowekwa kabatini shuleni, jenga toleo la majaribio linalofuata, ulijaribu, uandike ulichokiona na mashine uliyoitumia. Kisha chagua kiraka kimoja kifupi cha crocus au cha vc4, ukisome mpaka kwenye njia yake ya mwisho ya kosa, na ukiwa na swali, liulize kabla hakijaingizwa.